Fowili ndogo ya mtumba kwa njia za mbali: ipi inafika na ipi inakula mtaji

Barabara kuu za ukanda wetu si zile za miaka 20 iliyopita. Kutoka Isiolo hadi Moyale, kwenye mpaka wa Kenya na Ethiopia, ambako malori yalikuwa yakihesabu siku katika mawe na vumbi, sasa ni lami. Kusini, Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 limeunganisha Tanzania na Msumbiji juu ya Mto Ruvuma. Mwenye gari dogo la kawaida anaweza kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma bila kuiacha lami.

Lakini mali haikai kando ya lami. Maharage, karanga, asali, mbao, ng'ombe wa mnadani na dagaa wa mwaloni viko kilometa 20, 40 au 80 ndani. Anayefika kwanza ndiye anayepanga bei, na anayefika wa mwisho huchukua masalia. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachomlazimu mfanyabiashara kufikiria gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, ambalo gereji zetu zote huliita fowili.

Land Cruiser inajulikana na kila mtu, na bei yake pia inajulikana. Kwa mfanyabiashara wa kati, kununua Land Cruiser iliyo hai ni kuhamisha mtaji wa msimu mzima kutoka kwenye mali kwenda kwenye bati. Ndiyo maana wengi hugeukia fowili ndogo za mtumba kutoka Japani: Suzuki Jimny na Escudo, Toyota Cami, Rush na RAV4, Nissan X-Trail, Mitsubishi Pajero iO. Bei zake mara nyingi hukaribiana, sura zake zinafanana, na muuzaji wa yadi atakwambia zote ni fowili. Kwa kazi hazifanani hata kidogo.

Aina tatu ndani ya neno moja

Aina ya kwanza ni fowili ya kuunga. Gari hutembea kwa magurudumu ya nyuma, na dereva akifika penye tope huunga ya mbele kwa gia ndogo iliyo kando ya gia kuu, au kwa kitufe. Magari ya aina hii kwa kawaida huwa pia na gia nzito, ile inayoandikwa 4L. Gia nzito hupunguza mwendo na kuongeza nguvu inayofika kwenye magurudumu karibu mara mbili. Kwa gari lenye injini ndogo, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda mlima wenye mawe polepole bila kuunguza klachi, na kuupanda kwa kuukimbilia huku ukigonga sampu.

Aina ya pili ni fowili ya wakati wote, yenye difu ya kati inayogawa nguvu kwa mbele na nyuma. Ikiwa difu hiyo inaweza kufungwa, gari ni zuri sana kwenye utelezi. Isipofungika, gurudumu moja likining'inia hewani nguvu yote hukimbilia hapo, na gari linasimama huku tairi moja likizunguka bure.

Aina ya tatu ndiyo iliyojaa kwenye yadi. Hili ni gari la magurudumu ya mbele ambalo huamsha ya nyuma pale tu ya mbele yanapoteleza. Limetengenezwa kwa barabara za mjini zenye mvua au theluji, na kwa kazi hiyo halina ubaya. Kwenye mchanga mzito au tope refu, kiungo kinachopeleka nguvu nyuma hupata moto, na mifumo mingi hujizima ili isiungue. Hapo unabaki na gari la magurudumu mawili katikati ya mbuga.

Kuna hata ya nne, ambayo si fowili kabisa. RAV4, X-Trail na Rush zilitengenezwa pia kwa magurudumu mawili, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Inama uangalie. RAV4 na X-Trail ya magurudumu mawili husukumwa kwa mbele, kwa hiyo haina difu wala propela nyuma. Rush ya magurudumu mawili husukumwa kwa nyuma, kwa hiyo difu ya nyuma ipo na inadanganya watu wengi. Hiyo ichungulie mbele, kati ya magurudumu, uone kama kuna difu ya pili.

Anza na kipande kibaya

Kabla ya kuangalia gari lolote, andika njia unazopita na utenge kipande kibaya kuliko vyote. Si lazima kiwe kirefu. Mfanyabiashara anayesafiri kilometa 600 anaweza kuwa na kilometa 12 tu za udongo mweusi wa mbuga, na hizo 12 ndizo zinazochagua gari.

Udongo mweusi ukinyeshewa hujaza kashata za tairi mpaka tairi linakuwa duara laini la tope. Hapo uzito mdogo husaidia kuliko injini kubwa. Mchanga wa mito mikavu, kama ile ya kaskazini mwa Kenya, unataka uzito mdogo na tairi zilizopunguzwa upepo. Milima yenye mawe na makorongo inataka gia nzito. Barabara ya changarawe yenye mabati, ile inayotikisa meno, haihitaji fowili hata kidogo. Inahitaji shokapu nzuri na bushi nzima.

Kama kipande chako kibaya ni changarawe na mashimo tu, hata wakati wa masika, acha kusoma sehemu ya magari na ununue gari la kawaida lenye chesisi ya juu na tairi nzuri. Utaokoa mafuta kila siku. Probox zinazoonekana katika vijiji vya Kenya hazikufika huko kwa fowili.

Jimny

Kwa anayehitaji fowili kweli, na kwa bei ya chini, mjadala huanzia kwa Suzuki Jimny. Toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1998 na kukoma mwaka 2018 lina chesisi ya ngazi kama ya lori, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za mviringo na gia nzito. Gari lote lina uzito wa kilo 1,060 hivi. Likikwama, watu wanne wa kijijini wanaliinua upande mmoja na kusukuma mawe chini yake. Land Cruiser huwezi kuifanyia hivyo.

Kuna Jimny mbili zinazofanana sura. Moja ina injini ya cc 660 yenye tabo, iliyotengenezwa kwa sheria za magari madogo ya Japani. Nyingine ina cc 1,300 bila tabo. Kwa safari ndefu chukua ya 1,300. Ile ndogo inapanda vizuri ikiwa mpya, lakini tabo iliyochoka mbali na mji ni kesi, na kwenye lami inalalamika ikifika kilometa 100 kwa saa.

Udhaifu wake ujulikane mapema. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa Jimny ya 1,300 ni kilo 1,420 hivi, gari na vyote vilivyomo. Toa gari lenyewe, toa dereva, unabaki na nafasi ya magunia mawili ya kilo 100 na mkoba. Wanaopakia manne hurudi na springi zilizolala na beringi za nyuma zikiimba. Tangi lake ni lita 40, kwa hiyo usitegemee zaidi ya kilometa 400 bila dumu la akiba. Na kuna ugonjwa wake maarufu: usukani kutetemeka kwa nguvu ukipita shimo kwa mwendo wa kati. Mara nyingi chanzo ni beringi za egemeo la gurudumu la mbele, zile zinazobeba sehemu inayozungushwa na usukani, na unatibika. Muuzaji asikwambie ni balansi ya tairi tu. Akisema hivyo, toa gharama ya beringi hizo kwenye bei.

Jimny ya sasa iliyotoka mwaka 2018, yenye injini ya cc 1,500, ni gari bora zaidi, lakini inatafutwa dunia nzima na bei yake ya mtumba imekataa kushuka. Haiingii katika hesabu ya makala hii.

Escudo

Kwa maoni yangu, wafanyabiashara wengi wanaouliza habari za Jimny wanahitaji Escudo ya milango mitano, ambayo nje ya Japani huitwa Vitara au Grand Vitara. Ina nafasi ya magunia matatu pamoja na dereva na msaidizi, tangi la lita 66, na utulivu kwenye lami ambao Jimny haina.

Toleo lililotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2005 bado lina chesisi ya ngazi, fowili ya kuunga na gia nzito. Mafundi wa vijijini wanalipenda kwa sababu halina mambo mengi. Lililofuata, la kuanzia 2005, bodi na chesisi ni kitu kimoja, lakini Suzuki waliacha gia nzito na kufuli la difu ya kati kwa magari mengi ya milango mitano. Ni mchanganyiko adimu kwa gari la bei hiyo. Zungusha kitasa cha fowili na uhakikishe kuna alama ya 4L. Kama haipo, unaangalia toleo jepesi, na bei ishuke.

Injini ya cc 2,000 inatosha. Ina cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo haidai kubadilishwa kwa kalenda, lakini ikinyimwa oili cheni hulegea na kupiga kelele asubuhi. Zilizochoka hunywa oili. Muulize mwenye gari anaongeza oili mara ngapi, kisha angalia buti. Ukikuta galoni la oili lililofunguliwa, umejibiwa. Ya cc 2,500 yenye silinda sita ni tamu barabarani, ila kwa mafuta haimfai mtu anayehesabu faida kwa gunia.

Nyingine kwa kifupi

Toyota Cami, ambayo ni ndugu wa Daihatsu Terios, ni nyembamba, ina injini ya cc 1,300, fowili ya wakati wote na kufuli la difu ya kati. Haina gia nzito. Kwa utelezi wa milimani ni hodari kuliko sura yake, kwa mchanga na mlima mkali inachoka. Rush ya magurudumu manne, yenye cc 1,500, ni Cami iliyokua: kubwa kidogo, kufuli lipo, gia nzito hakuna. Zote mbili ni rahisi kwa spea.

RAV4 ya kwanza, ya 1994 hadi 2000, ilikuwa ya wakati wote, na zile za gia za mkono zilikuwa na kufuli. Zimebaki chache zilizo hai. Kuanzia 2005 RAV4 ikawa ya aina ya tatu niliyoieleza hapo juu, na X-Trail ni ya aina hiyo tangu ilipoanza. Ni magari mazuri ya familia na ya changarawe. X-Trail za mwanzo husumbua sensa za kranki na kamu, na gari huzimika bila kuaga. Beba moja ya akiba kwenye droo ya dashibodi.

Pajero iO ndiyo inayouma. Kwa maumbile ni fowili kamili yenye gia nzito na mfumo unaoruhusu kuunga hata kwenye lami. Tatizo ni injini, na tatizo hilo linastahili nafasi yake.

Mafuta ya madumu

Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya Japani vilianza kutengeneza injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mitsubishi waliziita GDI, Toyota wakaziita D-4. Pajero iO nyingi zina GDI, na baadhi ya RAV4 za kizazi cha pili zina D-4. Lengo lilikuwa kuokoa mafuta, na Japani yaliokolewa.

Pampu ya injini hizo inataka petroli safi. Ndani kwetu, mbali na vituo, petroli huuzwa kwa madumu na chupa za maji, imepita mikononi mwa watu watatu, ina maji ya mvua chini na pengine mafuta ya taa ndani. Injini ya kawaida itakohoa, utasafisha chujio, utaendelea. Injini ya shinikizo kubwa inaweza kuharibu pampu, na pampu hiyo haipo kijijini wala wilayani.

Mfanyabiashara mmoja wa maharage ninayefahamiana naye mkoani Kigoma alinunua gari lenye injini ya namna hii kwa sababu lilikuwa la bei nafuu kuliko mengine ya umri wake. Lilimbeba vizuri miezi minne. Wiki ya kwanza ya mavuno alijaza petroli ya dumu, gari likapoteza nguvu, kisha likakataa kuwaka. Lilikaa kijijini siku tisa likisubiri pampu kutoka Dar es Salaam. Wanunuzi wengine walikuja kwa pikipiki wakatoa malipo ya awali, na alipopata gari lake maharage yalikwisha kuwa ya watu. Bei nafuu ile ilikuwa na sababu, na soko lilikuwa linaijua kabla yake.

Kwa hiyo fungua boneti. Maandishi GDI au D-4 huwa juu ya injini kwa herufi kubwa. Ukiyaona, na njia yako haina vituo, funga boneti umshukuru mwenye gari.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ugumu wa huduma, gia za mkono zinafaa kuliko otomatiki. Betri ikifa, gari la mkono linasukumwa likawaka.

Spea kabla ya rangi

Jaribio moja halina gharama na wachache hulifanya. Kabla ya kulipa, mpigie simu muuza spea wa mji wa mwisho kwenye njia yako, si wa Kariakoo au Gerezani, si wa Barabara ya Kirinyaga Nairobi wala soko la Kisekka Kampala, maana huko kila kitu kipo. Muulize vitu vitatu vya gari unalolitaka: beringi ya gurudumu la mbele, pampu ya maji, na shokapu. Akiwa navyo viwili, gari hilo linaishi huko. Akisema utaagiza, ongeza siku za kuagiza kwenye gharama ya gari.

Hapa ndipo Toyota hushinda hata pale gari lake linapokuwa dhaifu kiufundi. Mfanyabiashara wa njia ya changarawe mwenye Rush na duka la spea kila wilaya anaweza kuwa salama kuliko mwenye Pajero iO inayopanda ukuta.

Tairi nazo ni spea. Jimny ya 1,300 hutumia ringi ya 15, na Escudo nyingi ringi ya 16. Gari la ringi ya 17 au 18 limependezeshwa kwa ajili ya mji. Kijijini utapata tairi la ringi hiyo kwa bahati. Kwa fowili ya wakati wote, tairi zote nne ziwe za saizi na uchakavu unaokaribiana, la sivyo difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika.

Hesabu

Tuseme mali ni magunia 12, kilometa 80 kutoka kwenye lami. Jimny hubeba 2 kwa safari, Escudo 3. Jimny itakwenda safari 6, sawa na kilometa 960; Escudo safari 4, kilometa 640. Kwenye njia mbaya tukadirie Jimny kilometa 8 kwa lita na Escudo 6.5. Jimny itatumia lita 120, Escudo lita 98 na nusu. Gari linalokunywa zaidi limetumia kidogo, na limemaliza siku mbili mapema.

Geuza kazi. Kama unaingia kijijini kuona mali, kupima unyevu, kulipa na kuondoka, na lori la kukodi ndilo linalofuata mzigo, basi safari ni moja na hubebi kitu. Kwa kilometa 25,000 kwa mwaka, tukichukua Jimny kilometa 11 kwa lita na Escudo 9 kwa njia mchanganyiko, Jimny hutumia lita 2,273 na Escudo 2,778. Tofauti ya lita 505 ni pesa ya kulipia bima na tairi. Weka bei ya lita ya kwenu, kisha amua.

Ongeza safu ya tatu ambayo wengi huiacha: siku moja ya gari kulala ndani ya msimu inakugharimu kiasi gani. Ukishaiandika namba hiyo, bei ya mtumba ulionyooka haionekani tena kuwa kubwa.

Ukaguzi

Kwa gari linaloagizwa kutoka Japani, omba karatasi ya mnada. Herufi S kwenye mchoro wa bodi ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na daraja la R ni gari lililowahi kutengenezwa baada ya ajali. Fowili nyingi za Japani zilitumika kaskazini, kwenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Bodi inaweza kung'aa huku chesisi imeoza. Cheti cha Japani cha kulitoa gari nchini huandikwa kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi; zilinganishe na dashibodi.

Kwa gari lililoko hapa, lala chini yake na nyundo ndogo. Gonga chesisi karibu na mashikio ya springi za nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Angalia oili ya difu: ikiwa nyeupe kama maziwa, gari limezama majini na hakuna aliyeibadilisha.

Jaribu fowili kwenye udongo, kamwe si kwa kukata kona kwenye lami, maana ya kuunga hujibana na kuvunja vyuma. Unga, tia 4L, panda tuta polepole, kisha mwombe mtu aangalie kama magurudumu ya mbele yanavuta kweli. Kwenye Jimny za kitufe, mfumo wa kuunga hutumia mirija ya hewa ambayo hupasuka kwa umri. Taa ya 4WD inayowaka na kuzima bila kutulia ni dalili ya mirija hiyo. Si ghali kutengeneza, ila ni hoja ya bei.

Umri, ushuru na karatasi za mpakani

Kenya haiingizi gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo matoleo mengi ya zamani niliyoyataja yanapatikana huko kwa kununua lililokwisha kusajiliwa. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania inaruhusu magari ya umri mkubwa lakini hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na kikokotoo cha TRA kitakuonyesha jumla kabla hujaagiza. Kiangalie kabla ya kumtumia pesa muuzaji wa Japani, kwa sababu kwa gari kuukuu kodi inaweza kuzidi bei ya ununuzi. Rwanda, inayoendesha upande wa kulia, ina masharti makali kwa magari ya usukani wa kulia.

Jihadhari na gari la bei ya kushangaza lenye namba za nchi jirani. Mara nyingi liliingia kwa kibali cha muda cha forodha na kodi yake haijalipwa. Anayekuuzia anakuuzia deni. Forodha wakilikamata, kadi uliyoandikiana naye kwa mwanasheria haitakusaidia. Ukiamua kununua, ulipaji wa kodi na usajili mpya vitangulie malipo ya mwisho, na namba ya chesisi ihakikiwe na polisi wa nchi gari lilikotoka.

Kwa anayevuka na gari lake, kadi ya gari iwe na jina lake. Ikiwa bado ina jina la mwenye zamani, au ni gari la benki, beba barua ya idhini. Bima ya ndani huishia mpakani. Kadi ya Njano ya COMESA ndiyo inayovuka, na Tanzania inashiriki mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kumbuka inalipa madhara ya mtu mwingine, si gari lako. Kwa Msumbiji nunua bima mpakani. Na ukiingia Burundi, Rwanda au Kongo na usukani wa kulia, mweke msaidizi kiti cha kushoto kabla ya kulipita lori, kwa sababu yeye ndiye anayeona mbele.

Mengine yote yanaingia kwenye boksi moja nyuma ya kiti: kamba ya kuvutia, jeki na kipande cha ubao mnene cha kuiwekea ili isizame, chujio la petroli la akiba, kitambaa cha kuchujia mafuta ya dumu, koleo, na pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye betri. Pampu hiyo ndiyo inayosahaulika. Kwenye mchanga utapunguza upepo wa tairi kutoka 30 hadi 18 hivi, gari litapita, na kituo cha kwanza cha kujaza upepo kitakuwa kilometa 60 mbele.